Kwa Nini Kaka Hakupanda Basi la Entebbe

Admin, nifichie jina, maana watu wa Naguru na Kamwokya tunajuana mpaka kwa kikohozi. Mimi ni mama wa miaka sitini na saba, mjane, nina wajukuu, na ninamuuguza mama yangu mzazi ambaye sasa ni wa kitandani. Juzi niliwaona humu mkibishana kuhusu usafiri wa kutoka uwanja wa ndege wa Entebbe mpaka mjini. Huyu anasema basi, yule boda, yule teksi ya kuita kwa simu, na vicheko kibao. Mimi sikucheka. Nyumbani kwetu swali hilo limetukalia kooni tangu nikiwa msichana.

Sisi ni Wanubi, uzao wa askari wa zamani, na jeshini ndugu zetu walikuwa wengi. Baba alikuwa polisi, na tulikulia kambini Naguru. Miaka ile ya sabini, ya utawala wa jeshi, watu wa mjini walikiogopa Kiswahili. Kilikuwa lugha ya kizuizi cha barabarani, ya kuambiwa ulale chini, ya kuambiwa uingie garini. Lakini kwetu sisi kilikuwa lugha ya uji wa asubuhi na ya kuogeshwa karaini. Mama alikuwa akijivuna nacho. Tukicheza na kuchanganya Kiluganda, alituvuta masikio. "Jueni Kiswahili," alisema. "Mutu ya Kiswahili iko na ndugu kila pahali."

Kaka yangu ndiye kifungua mimba. Alikwenda Misri kusomea ufundi wa redio, akakaa huko miaka kadhaa, miaka ambayo huku mambo yaliharibika kabisa. Siku ya kurudi kwake baba alikuwa zamu, kwa hiyo mama alikuwa amempelekea salamu kule Misri kupitia rafiki wa kaka: ukishuka, panda basi, hata likichelewa. Wakati ule basi ndilo lililokuwa salama, kwa sababu ukichukuliwa mle, watu watakuona. Teksi za Peugeot zilifuata kwa usalama. Gari la mtu binafsi, hata akikubeba bure, ulilikimbia.

Basi lilifika. Kaka hakufika. Mama alikuwa amepika, na chakula kilipoa tukikitazama.

Baba alivaa sare yake akaenda kuuliza. Polisi mzima, Nubi, mzee wa kambi! Aliambiwa, "Afande, rudi nyumbani. Bado uko na watoto wengine." Alirudi, akavua kofia, na tangu siku hiyo hakulitaja jina la mwanawe mpaka tulipomzika yeye mwenyewe.

Wiki kadhaa zikapita. Siku moja nikiwa peke yangu nyumbani, alikuja mwanamke wa Kiganda, muuza nyanya wa soko la Nakasero, na boksi kichwani. Ndani mlikuwa na redio, na juu yake jina la baba na la kambi kwa mwandiko wa kaka. Alikataa kuketi. Aliogopa kuingia kambi ya polisi, lakini alisema kukaa na mali ya mtu kumemnyima usingizi.

"Nyabo, mimi nilikuwa nimeenda kusindikiza dada yangu kwa ndege," akaniambia. "Sisi wote tulikaa kwa basi, petroli hakuna, dereva anangoja. Kaka yako alikuwa ameweka boksi yake juu tayari. Gari ndogo ikakuja, watu wawili, mashati ya maua, ile watu ya usalama wanavaa. Mumoja akaita kwa Kiswahili, 'Ndugu, kuja, sisi tunaenda mujini.' Nyabo, ile Kiswahili tuliposikia, sisi wote tuliangalia chini. Yeye akacheka. Akawajibu kama watu ya kwao. Akaniambia, 'Mama, hawa ni watu yetu. Nitafika kwanza, nitapokea boksi yangu mujini.' Mimi nilingoja na boksi yake mpaka jioni."

Basi lote liliinamisha macho kwa lugha ile ile iliyomfanya kaka yangu acheke. Mngekuwa kwenye basi hilo, msingehitaji kuelezwa kwamba hao ni watu wa kukimbiwa. Ila mtoto wa kambini, aliyetoka ugenini na hamu ya kwao, alisikia sauti ya nyumbani. Walimtakia nini, mpaka leo sijui.

Mama nilimwambia tu kwamba watu wa basi ndio walioleta boksi. Yule mwanamke alinisihi nisimtaje, na mimi ningesemaje zaidi? Redio ikawekwa karibu na kitanda cha mama. Iliimba miaka mingi, kisha ikafa. Fundi yeyote tukimleta anafukuzwa. "Fundi yake iko njiani," anasema.

Sasa mama anakwisha, na hataki kaka asomewe hitma. Ijumaa iliyopita nilimbembeleza. Nikasema, "Mama, tumwombee, tumechoka kungoja." Akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Mutu hapakii mizigo yake kwa basi, halafu anaingia kwa gari ingine bila sababu," akasema. "Niambie sababu, wewe binti, mimi nitawaacha musome."

Sababu ninayo. Nimeibeba tangu siku ile ya boksi. Nikimwambia, kaka atapata dua yake, lakini mama atakwenda kaburini akijua kwamba mwanawe aliitwa kwa lugha aliyomnyonyesha yeye mwenyewe, na akaitika. Nikinyamaza, atakufa akimngoja, na hitma nitakayoisoma baada yake itakuwa ya wizi. Nimeomba Mungu anionyeshe njia ya tatu. Haipo.

Nyinyi mlio wengi humu, wenye mama na msio nao, nipeni neno. Msiniambie nimwachie Mungu, nimeshamwachia sana. Hapa ninapoandika ananiita kutoka chumbani, kwa Kiswahili chake kile kile, na swali lake nalijua. Niingie nikamjibu nini?