Yatima Aliyeitwa Mbele ya Wazee

Sijaona binti Khaled aliuza vitenge katika soko la Jabe kwa muda mrefu, hata wateja wake wakawa wa kurithiana: mama alinunua kwake vazi la arusi, kisha binti akaja kununua nguo ya kubebea mtoto. Alikuwa mjane, mrefu, mchache wa maneno, mwenye macho ya mtu aliyezoea kupima kitambaa kabla ya kukigusa. Kila alasiri alifunga meza yake mapema kuliko wenzake, akarudi nyumbani kuwasomesha wasichana wadogo wa mtaa Kurani, uani, juu ya mikeka, kwa ajili ya Mungu. Kwa soko na kwa mkeka, hapakuwa na nyumba ambayo hakuujua mlango wake wa nyuma. Kwa hiyo wakuu wa mtaa walipotafuta mtu wa kumtia katika kamati ya kulinda watoto, hawakubishana.

Kamati ile ilifundishwa kazi yake mtaa wa Kinindo, katika jumba lenye bustani, na binti mmoja wa ustawi wa jamii aitwaye Ingrid, Mkristo, ambaye Sijaona angeweza kumzaa. Ingrid alifundisha kwa upole na bila mapambo. Mtoto aulizwe peke yake, mbali na masikio ya walezi. Asiahidiwe siri, kwa maana huenda siri ikalazimika kuvunjwa. Aliyesema asitajwe kwa anayeshukiwa, hata kwa ishara. Na kabla ya maswali yote, mtu ajiulize moja: mtoto huyu akilala leo pale alipolala jana, ataamka salama? Sijaona alisikiliza yote, akayaona kuwa ya haki, na moyoni mwake akaongeza jingine ambalo Ingrid hakulisema: kwamba Waislamu wa Jabe wana wazee wao, na ya nyumbani huamuliwa nyumbani.

Miongoni mwa wasichana wa mkekani alikuwamo Houda, mtoto wa miaka minane, yatima wa baba na mama, aliyekaa kwa baba yake mdogo, fundi Huseni. Huyu Huseni alikuwa na gereji iliyopakana na nyumba yake. Kila Ramadhani alifuturisha msikiti mzima, na watu walipomwona akiongozana na yule yatima walimwombea pepo.

Siku moja Houda hakuketi. Wenzake walikunja miguu, yeye akapiga magoti, akaisoma sura yake hivyo hivyo huku jasho likimtoka juu ya mdomo.

“We Houda, kaa basi!” akasema mmoja wao. “Ama unaogopa kulowesha mukeka ya Mwalimu?”

Wasichana wakaangua kicheko, maana asubuhi ile mtaa wote ulikuwa umeona. Huseni alimtwika mtoto godoro lake bichi kichwani akamzungusha barabarani, na watoto wakamfuata wakigonga mabakuli. Adhabu hiyo ni ya zamani, na wengi katika waliocheka walikuwa wameionja. Sijaona mwenyewe, akipanga vitenge vyake, alikuwa ametabasamu.

Baada ya somo akamzuia mtoto, akamwingiza chumbani, akafunga mlango, akamfunua nguo. Mgongoni na nyuma ya miguu palikuwa na alama pana, zilizovimba na kuiva, na kila alama ilikuwa na meno madogo madogo kando yake, kama ya msumeno.

“Nini hii, mwanangu?”

“Mukanda ya motere.”

Sijaona akaelewa. Ni ule mkanda mweusi wa injini wenye meno, ambao mafundi huutundika ukutani.

“Nani amekupiga?”

Mtoto akautazama mlango. “Nikisema, utamwambia?”

“Sitamwambia.”

“Apa.”

Sijaona akaapa kwa jina la Mungu.

“Baba mudogo,” akasema Houda. “Nikikojoa ananilaza mu shimo ya gereji, kule wanatengenezea gari. Juu anaweka mbao. Mule kuna panya. Nikiogopa nakojoa tena. Na nikikojoa tena…”

Jioni ile ile Sijaona alikwenda Kinindo. Ingrid alimsikiliza akiwa amesimama, na mkono wake ulikuwa umekwisha kushika simu.

“Mama, huyu asilale pale leo. Daphrose ana nafasi. Nampigia sasa hivi.”

Daphrose alikuwa mama wa mtaa wa Buterere aliyepokea watoto wa namna hiyo mpaka wapatiwe makao. Sijaona aliwahi kufika kwake. Alikumbuka maji ya mvua yaliyoingia mpaka uvunguni mwa kitanda, na msalaba juu ya mlango. Akamwona Houda akila chini ya msalaba ule. Kisha, na hili ndilo lililomchoma zaidi, akayasikia maneno ya watu: Waislamu wote wale, na misikiti yote ile, wameshindwa na yatima mmoja.

“Nipe kesho tu,” akasema. “Nitawaita wazee wamkanye. Huseni ni mcha Mungu. Ni hasira tu.”

“Mama, huyo mcha Mungu ndiye amemtia shimoni.”

“Binti yangu, we hujui watu wetu.”

Kweli, Ingrid hakuwajua, na Sijaona aliwajua; juu ya ujuzi huo ndipo kazi yote ya kamati ilipojengwa. Akairudisha simu mezani.

“Basi kesho. Lakini neno la mtoto lisifike mbele ya yule bwana. Unanisikia, Mama? Lisifike.”

“Nimesikia.”

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Usiku ule Sijaona alilala, akaamka kuswali, akamwombea yatima kwa dua ndefu yenye machozi. Aliyekuwa chini ya mbao hakujua kwamba anaombewa.

Siku ya pili, baada ya sala ya alasiri, wakakutana barazani kwa Huseni. Alikuwapo Mzee Faruk, aliyesuluhisha ndoa na mirathi za Jabe tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Alikuwapo Huseni, ameoga, amevaa kanzu. Mkewe, Lubna, alikuwa akimimina chai.

“Fundi, tumekuja kwa wema,” akaanza Mzee Faruk. “Mama Sijaona ana neno juu ya mtoto.”

“Mama Sijaona!” Huseni akacheka. “Vitenge vimekosa wateja, sasa umefungua duka ya kesi?”

Hata mzee alitabasamu.

“Mtoto ana majeraha, fundi.”

“Mutoto gani hana majeraha? Anacheza mu gereji, vyuma kila pahali.”

“Ni majeraha ya mkanda.”

“Nani amesema?”

Lubna akaacha kumimina. Sijaona akasema kwamba ameyaona kwa macho yake mwenyewe.

“Uliuona mkono uliopiga?” akauliza Mzee Faruk, na sauti yake haikuwa kali hata kidogo.

“Mkono sikuuona, mzee. Niliona majeraha.”

“Majeraha hayana ulimi, binti yangu. Nasi hatumhukumu mtu nyuma ya mgongo wake. Anayedai na alete shahidi, na shahidi asimame uso kwa uso na anayedaiwa. Bila hivyo tunasengenya, na kusengenya unajua wewe ni dhambi gani. Si wewe unayewafundisha watoto wetu?”

Ni kweli, alikuwa akiwafundisha. Wiki ile ile alikuwa amewafundisha. Akajiona ameketi kati ya watu watatu akimchafua Mwislamu nyumbani mwake huku anakunywa chai yake. Alikumbuka kiapo chake, alimkumbuka Ingrid, na kwa muda mfupi bado angeweza kuinuka na kwenda zake. Lakini kuinuka kungekuwa kukiri kwamba amezua, na Sijaona hakuwahi kuitwa mzushi maishani mwake.

“Mtoto mwenyewe amesema,” akajibu.

“Alaa,” akasema Huseni taratibu. “Basi na aitwe.”

Houda akaletwa. Lubna alikuwa amemvisha mtandio mweupe, amempaka mafuta miguu ikang'aa. Hakuambiwa aketi, na hakuketi.

“Usiogope, mwanangu,” akasema Mzee Faruk. “Mwalimu wako anasema umemwambia kwamba baba yako mdogo anakupiga kwa mkanda. Ni kweli?”

Mtoto hakumtazama Huseni. Alimtazama Sijaona. Machoni mwake hapakuwa na hasira, bali mshangao, na baada ya kitambo hata mshangao ukatoka, pasibaki kitu.

“Nilianguka,” akasema.

“Ulianguka wapi?”

“Mu gereji.”

“Na Mwalimu ulimwambia nini?”

“Nilidanganya.”

“Alhamdulillahi,” akasema mzee, akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo, kwa maana alimpenda Huseni na hakutaka kuamini. Kisha, kwa kuwa uongo haukosi toba, akamwamuru mtoto aombe radhi. Houda akapiga magoti, akaubusu mkono wa baba yake mdogo. Mkono ule ukamshuka kichwani, ukakaa pale. Machozi yakamlenga Huseni, nayo hayakuwa ya uongo: alikuwa amejihurumia kwa dhati.

“Yatima ni mutihani,” akasema. “Mi namusamehe. Na Mama Sijaona je?”

Sijaona naye akaomba radhi. Wakasoma Fatiha, wakajipangusa nyuso, na Lubna akaleta maandazi. Sijaona akala moja, akalimaliza, kwa kuwa kulikataa kungekuwa kuivunja sulhu.

“Kesho usichelewe kusoma,” akamwambia mtoto mlangoni.

“Ndiyo, Mwalimu.”

Kesho yake Houda hakuja. Wasichana walisoma, wakakosea, na Sijaona hakuwasahihisha. Kabla hawajamaliza aliwafungia vitabu vyao, akaenda Kinindo kwa kutembea na kukimbia, maana mafuta yalikuwa yameadimika mjini na teksi zilikuwa zimelala kwenye foleni. Alimweleza Ingrid yote: kiapo, chai, Fatiha, andazi. Ingrid hakumgombeza. Alipiga simu polisi, akachukua koti lake, wakatoka.

Walimkuta Huseni mlangoni pa gereji, mikono ina grisi.

“Mama Sijaona! Jana tumesoma Fatiha pamoja, leo unaniletea polisi? Enyi watu, njooni muone! Huyu mama anavunja Fatiha!”

Watu wakaja. Hawakukosekana. Polisi wawili wakasogeza gari bovu lililokuwa juu ya shimo, wakaondoa mbao, na harufu ikapanda. Ingrid akashuka mwenyewe kwa ngazi ya chuma. Sijaona akatia mguu wake kwenye ngazi amfuate.

“Hapana, Mama,” sauti ikatoka chini. “Tuache wawili.”

Akangoja juu, katikati ya watu waliokuwa wakimtazama yeye wala si shimo. Hakusikia lililosemwa. Baada ya muda Ingrid akapanda, amembeba mtoto ndani ya koti. Damu ilikuwa imekauka kutoka sikio la kushoto mpaka shingoni. Houda alifumba macho kwa sababu ya mwanga, akapita karibu na Sijaona hivyo, bila kuyafumbua.

Daktari alisema sikio lile halitasikia tena. Huseni alichukuliwa, na kabla ya Ijumaa akarudi, baada ya wazee kumdhamini, Mzee Faruk akiwa wa kwanza. Kesi ingeitwa, walisema, bado haijaitwa. Ijumaa ile aliswali safu ya mbele, watu wakampa mkono wa pole. Katika Jabe ikawa inasimuliwa kwamba mjane wa vitenge amechukua yatima wa Kiislamu akawapa Wakristo. Mama mmoja mmoja walikuja kuwachukua binti zao uani, kwa adabu, kila mmoja na udhuru wake: huyu ana kikohozi, yule amehama shule. Sijaona akabaki na mikeka.

Hata hivyo alimshonea Houda nguo. Alichagua kitenge cha buluu, akakata gauni dogo, akalipeleka Kinindo.

“Nataka kumwona,” akasema. “Kidogo tu. Yuko kwa Daphrose?”

Ingrid alimvutia kiti, naye mwenyewe akaketi mkabala.

“Mama, mule shimoni alikataa kutoka. Alisema nikimtoa watu watamrudisha, na safari hii itakuwa mbaya zaidi. Nikamuuliza, basi unataka nini ili uje nami? Akasema jambo moja.”

“Jambo gani?”

“Nisimwambie Mwalimu mahali anapokwenda.”

Nje, mtumishi alikuwa akimwagilia maua. Sijaona akalikunja lile gauni, akalikunjua, akalikunja tena.

“Yeye hajui kwamba mimi ndiye niliyekuja kukuita,” akasema.

“Nimemwambia.”

“Akasema nini?”

“Akaniuliza kama na mimi nimeapa.”

Kisha Ingrid akaunyosha mkono, akalipokea gauni, akasema atalifikisha bila kutaja lilikotoka, kama Mama ataridhia. Mama akaridhia. Ingrid akauliza kama kuna neno la kumpelekea mtoto pamoja nalo, neno lolote, atalibeba kama lilivyo. Sijaona, aliyewafundisha watoto wa watu wengi maneno matukufu kuliko yote, akatafuta neno moja ambalo likitoka kwake litaaminika, na Ingrid akamngoja kwa adabu, mpaka mlinzi akaja kuuliza kama afunge lango.