Mkono wa Mwalimu Aminieli

Winfrida hutengeneza programu za simu, zile za watu kujifurahisha. Ukipita Pasua, pale Moshi mjini, ukamwona nyuma ya kibanda cha vitenge cha mama yake, kompyuta mapajani, anacheka peke yake, usimwonee huruma. Mzima huyo. Anasikiliza kazi yake.

Programu yake ya kwanza ilikuwa ya drafti. Wala si drafti ya kimya. Aliwafuata vijana wanaocheza kwa vizibo vya soda karibu na gereji, akazirekodi kejeli zao zote, kwa hiyo ukicheza ovyo simu yenyewe inakuambia, "Kaka, kalale tu!" Watu waliipenda mno. Mama mmoja wa Mwika alimpigia kumlalamikia kwamba mumewe sasa anagombana na simu huku migomba inamezwa na magugu.

Lakini iliyomteka moyo kuliko zote ni ile aliyoiita Sauti Nne. Hiyo ni ya wanakwaya. Unafungua wimbo, unachagua sauti yako, simu inakuimbia sauti hiyo kwa nguvu, na zile tatu nyingine unazisikia kwa mbali, kama majirani wanaoimba ng'ambo ya kihamba, lile shamba la migomba la nyumbani. Aliitengeneza kwa ajili ya watu wa kwao Masama, juu mlimani Kilimanjaro, na kwa ajili ya mtu mmoja hasa.

Kwaya ya usharika wao ina shida ambayo kila Mchagga ataielewa. Nusu ya waimbaji hawaishi mlimani. Wako Dar, wako Arusha, wako Dodoma, wanatafuta maisha. Desemba wote wanapanda nyumbani, na wote wanataka kuimba Krismasi, maana kwaya ni yao tangu utoto. Tatizo ni kwamba wanafika siku mbili tu kabla. Zoezi moja, basi. Kwa hiyo kila Krismasi unaimbwa wimbo uleule, ambao sasa hata mbuzi wa Masama wanaujua.

Na kila mwaka mwalimu wa kwaya, Mzee Aminieli, anatunga wimbo mpya wa Krismasi. Kila mwaka, siku ya lile zoezi, anawaangalia waliorudi wanavyoutafunatafuna, anaikunja karatasi yake ya nota na kusema, "Haya. Mwakani."

Safari hii alikuwa ameshatangaza kwamba magoti yamechoka. Krismasi hii ndiyo ya mwisho yeye kusimama mbele. Mwakani haipo.

Winfrida alimfuata mwezi wa nane, akamkuta anamenya ndizi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea mchezo gani tena? Yuditha wetu wa kwaya ananiambia simu yako inatukana watu."

"Hii haitukani, Mwalimu. Hii inaimba."

Mzee akafuta mikono, akasikiliza sauti ya nne ikitoka kwenye kile kisimu. Akaomba irudiwe. Halafu akaingia ndani, akatoka na nota za wimbo mpya, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Ee bwana, miezi iliyofuata kundi la kwaya la Wasap halikulala! Davis, mwimbaji wa besi, ile sauti ya nne, anayeendesha mashine ya kunyanyua makontena bandarini Dar, alikuwa anajirekodi akiwa kazini na kuwarushia wenzake. "Sikilizeni besi hiyo! Kontena zinatikisika!" Yuditha, wa sauti ya kwanza, anayeishi palepale Masama na ng'ombe wake, akamjibu, "Punguza, Davis. Ng'ombe wangu amegoma kutoa maziwa." Wa Dodoma walifanya zoezi lao kwenye simu, wa Arusha nao la kwao, na wa nyumbani wakafundishwa na Mwalimu mwenyewe. Winfrida alifungua rekodi moja baada ya nyingine huku anapiga meza kwa furaha. Zote safi! Hakuna aliyekosea nota hata moja.

Juzi ya Krismasi ikafika. Kiwanja cha kanisa kilijaa magari, watoto wana viatu vipya, watu wanakumbatiana na kuulizana nani amenenepa. Mwalimu Aminieli akasimama mbele, akatoa sauti, do mi so do, akainua mkono. Wakaanza.

Mstari wa kwanza ulimfanya Winfrida asisimke mwili mzima. Kwaya nzima, wimbo mpya! Ulipofika mwisho wa mstari, mambo yakaharibika. Waliorudi wakaendelea mbele. Wa nyumbani wakabaki palepale, wamelishikilia neno la mwisho. Mstari wa pili ukaimbwa na makundi mawili yanayofukuzana, na wa tatu haukufika popote.

"Nyie wa mjini mnakimbilia wapi?" Yuditha akafoka. "Mmeacha chungu jikoni?"

"Sisi tunaimba kama simu ilivyotufundisha!" Davis akajibu. "Nyie ndio mnavuta kama mnaswaga ng'ombe mgonjwa!"

Watu wakacheka, lakini Mwalimu hakucheka. Winfrida naye alikuwa anawaka masikio, kwa sababu alishaelewa kosa liko wapi, na lilikuwa lake.

Masama wanaimba hivi: mwisho wa kila mstari, kwaya inalishikilia neno mpaka mkono wa Mwalimu ushuke. Unaweza kushuka mapema, unaweza kuchelewa, kadiri roho inavyompeleka. Jambo hilo halijawahi kuandikwa kwenye nota yoyote, kwani aliyekulia pale analijua kama anavyoijua njia ya kwao. Winfrida alilijua. Kaimba chini ya mkono ule tangu utotoni. Ila alipokaa na kompyuta aliingiza kile kilichoandikwa kwenye karatasi, mapigo mawili kisha twende, na wenzake wa mbali wakajifunza kwa uaminifu kabisa kutomsubiri Mwalimu wao.

Mzee akaketi kwenye benchi. Akaanza kuikunja karatasi. "Haya," alisema. "Tuimbe ule wa siku zote. Mwa..." Lakini mwakani haipo.

"Mwalimu, usikunje!" Winfrida alisimama. Hakujua bado atasema nini, ila miguu ilishasimama. "Naomba uwaimbishe wa nyumbani tu. Wimbo mzima. Na mimi niurekodi mkono wako."

"Mkono?"

"Mkono, Mwalimu. Ndio niliousahau."

Basi wa nyumbani wakaimba, na Winfrida akapiga magoti mbele ya Mwalimu, simu imeelekezwa kwenye mkono ule wenye mishipa. Walipomaliza akajifungia ofisi ya usharika na kompyuta. Akazikata zile sauti alizokuwa amezitengeneza, akazinyoosha, akazisimamisha kila palipotaka kusimama, akauweka mkono wa Mwalimu uonekane kwenye kioo cha simu. Vidole vilikuwa vinakimbia kuliko akili. Jua halijazama akatoka mlangoni anapiga kelele, "Tayari! Leteni simu zenu!" Mtandao wa mlimani ulikuwa unajikokota, kwa hiyo wakarushiana simu kwa simu, wamesongamana pale getini kama wanagawiwa nyama.

Kesho yake Masama yote iliimba. Davis aliitundika simu kwenye mgomba akawa anachuna mbuzi, jicho moja kwenye kisu, jingine kwenye mkono wa Mwalimu.

"Huyo Aminieli anafanya nini humo?" mama yake akauliza. "Anafukuza nzi?"

"Mama, nyamaza kidogo, bado haujashuka!"

Asubuhi ya Krismasi kanisa lilijaa hadi watu wakasimama nje madirishani. Mwalimu akapanda taratibu, akatoa sauti, akainua mkono. Mstari wa kwanza ukapanda, ukafika neno la mwisho, na kwaya nzima ikalishika. Mkono ukabaki juu. Ukakaa. Ukakaa zaidi ya kwenye simu, zaidi ya mazoezi yote, hadi Winfrida, katikati ya sauti ya pili, akaona shingo ya Davis inavimba. Mzee alikuwa anawaangalia mmoja mmoja, wa Dar, wa Dodoma, wa Arusha, na hakuna aliyekimbia. Kisha akatabasamu, mkono ukashuka, na besi ikaingia kwa kishindo kiasi kwamba watoto wa benchi la mbele wakaziba masikio.

Vigelegele vilianza kabla wimbo haujaisha. Mwalimu Aminieli akageuka kuutazama usharika, jambo asilolifanya kamwe, uso umelowa.

"Umeimbwa," alisema.

"Urudiwe!" mtu akapaza sauti dirishani, na kanisa zima likadakia. Winfrida akakumbuka kwamba simu yake ilikuwa kwenye mkoba wa mama yake na hakurekodi chochote. Hakuifuata. Mkono ulikuwa unainuka tena.