Picha ya Chepngeno Akiwa Amelala

Kazi ya Chepngeno ilikuwa kuosha mikeka ya sponji baada ya wageni kuoga sauti. Ndivyo Shirley, mwenye gesti, alivyoiita shughuli yake: kuoga sauti. Wageni walitoka Nairobi na Nakuru, wakapanda hadi gesti ile iliyo juu ya mashamba ya chai, kilomita chache kutoka mjini Kericho, wakajilaza chini na kufumba macho. Shirley aliwagongea mabakuli ya shaba mpaka yakavuma kama nyuki mzingani, na wao wakasema wamepumzika. Chepngeno alipoelezwa mara ya kwanza aliuliza maji yako wapi.

Maji yalikuja baadaye, na ni yeye aliyeyachota. Mtu akilegea sana hulegea kila mahali. Kwenye mikeka alikuta mate, makamasi, mafuta ya miguu yaliyoganda na vumbi, kucha zilizong'atwa, na siku moja meno ya bandia yaliyosahauliwa kwenye mto wa kulalia, bado yana ute. Chepngeno alikuwa amechuma chai miaka kumi na tisa mpaka mashine zikawaondoa. Samadi ya ng'ombe alikuwa ameizoa tangu utotoni wala haikumsumbua. Samadi ni nyasi tu. Lakini ile harufu ya lavenda iliyochanganyika na miguu ilimfuata mpaka kwake Sosiot, ikaketi naye mezani mpaka akasukuma sahani.

Jumamosi moja wageni wanane walitarajiwa, wakaja watano. Mpiga picha alikuwa ameshafika. Shirley akaja jikoni, akamwita Chepngeno kwa jina la mwanawe.

"Mama Nelvine, funga ile leso yako uje ulale hapo kidogo. Watu wakionekana wachache si poa."

"Madam, mimi niko na vyombo."

"Vyombo vitangoja."

Chepngeno akachagua mkeka aliokuwa na hakika ameuosha vizuri, akajilaza. Mabakuli yakaanza kuvuma. Shirley akamwekea moja juu ya tumbo bila kumuuliza, akaligonga, na mtetemo ukamwingia matumboni kama mnyoo. Alitaka kulisukuma. Lakini alikuwa ameamka saa kumi alfajiri kukamua, akapeleka maziwa, kisha akaupanda mlima kwa miguu. Kabla hajainua mkono, usingizi ukambeba.

Wiki mbili baadaye alikwenda mjini, akapitia duka la Wangeci, muuza vitambaa anayesali naye kanisa moja.

"Mama Nelvine, kumbe ulikuwa mgonjwa na hukutuambia tukuombee?" Wangeci alisema, akampa simu.

Alijiona kwenye ukurasa wa gesti. Mdomo wazi, uzi wa mate ukishuka shavuni, bakuli juu ya tumbo. Chini yake iliandikwa kwamba mchuma chai huyu hakuwa amelala vizuri miaka kumi na tisa kwa uchungu aliobeba moyoni, na kwamba sauti zimemponya. Watu asiowajua walikuwa wameweka alama za mioyo. Mmoja alisema amelia.

Chepngeno alirudisha ile simu kama mtu anayerudisha panya aliyekufa. Uchungu alikuwa nao, wa mgongo, na wa mume aliyezikwa mapema, lakini hakuwahi kumweleza Shirley hata siku moja. Huu ulikuwa umetungwa na mwingine, akavishwa yeye, kama nguo ya mtumba ambayo haijafuliwa.

Kesho yake alimkuta Shirley akinywa chai ya asubuhi pamoja na wageni.

"Madam, ile picha uitoe."

Shirley alitabasamu. "Lakini umependeza, Mama Nelvine. Watu wanaguswa."

"Mimi sikuponywa. Nililala kwa sababu nilikuwa nimechoka. Tena hiyo bakuli ilikuwa baridi."

Mgeni mmoja alicheka ndani ya kikombe. Mwanamke aliyekaa karibu naye hakucheka. Alimgeukia Shirley akauliza, "Na yule mwalimu wa kwenye ukurasa wenu, mliyesema amepona presha, naye ni hivyo hivyo?"

Shirley akaita mkate uongezwe.

Jioni picha iliondolewa. Alhamisi ikawekwa nyingine: Kimeli, mtunza bustani, amefumba macho na bakuli kifuani. Iliandikwa kwamba ni mwanajeshi mstaafu, vita vilimvuruga akili, sasa ana amani. Kimeli alikuwa hajawahi kushika kitu kikali kuliko fyekeo.

Chepngeno alimfuata kwenye ua. "Umekuwa mwanajeshi lini?"

"Aliniuliza kama ni sawa, nikasema ni sawa," Kimeli alijibu, akiendelea kukata majani. "Bibi yangu ameipenda sana. Ametumia ndugu zake wote kule Sigowet."

Alitaka kumkasirikia, akashindwa. Alikwenda mahali pa kufulia, ambapo mikeka mitano ilimngoja, mmoja una makamasi yaliyokauka. Akavua glavu, akaziweka juu yake. Akanawa kwa sabuni ya mche mpaka viwikoni, mara mbili, akamwambia Shirley harudi tena.

"Umechoka," Shirley alisema kwa upole. "Kwa nini usilale kidogo, nikuogeshe sauti bure?"

Chepngeno alitema mate kwenye nyasi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya mtu, akashika njia.

Siku hizi anauza maziwa mabichi na mursik, yale ya mgando ya kibuyuni, sokoni Sosiot. Wapo wanaomsimamisha kumuuliza kama kweli yale mabakuli huleta usingizi. Huwaambia hapana. Wengine humsikiliza mpaka mwisho, wakatikisa kichwa, kisha wakaomba namba ya Shirley.