Foili ya Mama wa Petroli

Kabla simu hazijafika jangwani Arizona, kituo cha mwisho cha petroli kilikuwa cha mama mmoja mwembamba, vidole vyake vikinuka dizeli na kahawa. Ukija kutembea peke yako, alitandika foili ya jikoni, ile karatasi ya bati ya kufungia chakula, juu ya taulo pale mlangoni. "Kanyaga taratibu, bwana, hapa si ngomani." Alama ya soli yako ilibaki pale, ili ukipotea, watakaokutafuta wajue unyayo upi wa kufuata. Pembeni aliandika saa ya kurudi, akaitundika foili ukutani, kisha akatikisa chupa yako. "Haya ni maji ya kunawa uso. Jaza nyingine." Ukirudi, aliikunjakunja foili mbele yako akaitupa, bila hata kukupa pole.

Siku moja nilichelewa kurudi kwa saa mbili. Nilimkuta nje kwenye benchi, foili yangu mapajani, kidole gumba kikienda na kurudi juu yake.

"Supu yangu imepoa kwa ajili yako," akasema.

Niliichukua niikunjekunje mwenyewe. Ilikuwa laini kama kioo. Alama yote ya soli alikuwa ameisugua mpaka ikafutika.

"Sasa mama, wangenitafuta kwa alama gani?"

Aliingia kupasha supu, akatoa mabakuli mawili.