Blausi Iliyopiga Kelele Matangani

Mimi mzee mzima nilivuliwa blausi matangani, mbele ya watoto wa mke mwenza wangu, na afadhali mnisikie mimi mwenyewe kabla ya hao watu wa Awasi, juu wao wanaongeza chumvi.

Achieng', mjukuu wangu anakaa mtaa wa Migosi, huyo amesomea kompyuta, alinishonea blausi akapitisha ndani uzi zinasikia moyo, na kwa kola akaweka kitu kama kifungo, ati nikianguka peke yangu blausi iite watu na impigie yeye simu (nguo inapiga simu, na mimi kupiga bado nasaidiwa!). Akaniambia, "Dani, nyanya yangu, ukienda mahali pa kuruka-ruka, finya hapa izime." Nikasema nizime ya nini, isije ikakataa kuwaka tena.

Sasa Awuor, huyo mke mwenza, akafariki. Sisi hatukuwa tunasalimiana, boma yote inajua, na watoto wake walikuwa wananingoja na macho: nisipolia vizuri watasema nimefurahi, pengine hata ni mimi nimemmaliza. Kwa hivyo nduru nilianzia kwa geti, mikono kwa kichwa, nikakimbia vile sisi hukimbia tukilia mtu, nikapita hema, nikapita pasta, nikajitupa kando ya jeneza, puu!

Blausi ikatoa sauti ya msichana, kubwa kama spika: "Nisaidieni! Nimeanguka! Nilegezeeni nguo!"

Wuoi! Watu walidhani ni Awuor anaongea kwa sanduku! Pasta aliruka viti (na alikuwa ametoka tu kuhubiri ufufuo), watu wakatawanyika. Akabaki Odhiambo, kifungua mimba wa Awuor, amesimama juu yangu na jembe ya kaburi.

"Mama, umefunga nini kwa kifua? Umeletea mama yangu dawa gani?"

"Ni nguo, baba! Ni nguo tu inaongea!"

Hapo ndio nilijimaliza. Wamama wawili wakarudi wakanishika, wakafungua vifungo, nikabaki na kamisi, wanaume wakageuza uso, na blausi kwa mikono yao bado inalia imeanguka. Mmoja akasema, "Leteni mafuta ya taa, tuchome!"

Simu yangu ikaita. Odhiambo akachukua akaweka sauti juu, kumbe ni Achieng', analia: "Dani yuko hai? Hiyo blausi nilimshonea imeniambia ameanguka, na moyo wake ulikuwa unakimbia vibaya sana!"

Odhiambo akaniangalia, akaweka jembe chini. "Kumbe ulikuwa unamlilia na ukweli." Akavua koti yake akanifunika, akanikalisha mbele na familia.

Nikavuta koti ikanifunika vizuri. Moyo ya mzee imetoka mbio geti mpaka jeneza, si lazima ikimbie? Lakini nikiwa ndani ya hiyo koti nikaona uso wa Awuor kwa kioo ya jeneza, machozi ikaja yenyewe, pole pole, bila nduru, na hiyo hakuna nguo ilipigia mtu simu juu yake.

Sasa matanga naenda na blausi bubu ya mtumba. Achieng' anasema nikumbuke tu kufinya. Nifinye nini, na ilinivua mbele ya wanangu!