Jina la Yusufu Limefutwa Uwanjani

Leo jina la uwanja wetu limeuzwa, na sisi tumepiga makofi.

Ukuta wa uwanja tuliujenga kwa umuganda, kazi ya pamoja ya wananchi, hapa Kamembe, tukaandika juu yake jina la Yusufu, golikipa wetu aliyefariki.

Asubuhi kampuni ya magodoro ililifuta kwa rangi na kuandika lake.

Mashabiki tuliapa kuwazomea watu wa kampuni. Kisha wakaanza kugawa jezi za bure.

"Jezi kwanza, kuzomea kesho!" mmoja wetu alipiga kelele. Foleni ikafika barabarani.

Mama yake Yusufu alikuja na kitenge kipya. Alidhani amealikwa kwa heshima ya mwanawe.

"Papa Asha," aliniuliza, "jina ya mutoto wangu bameipeleka wapi?"

Nilikuwa nimeshavaa jezi yao.

Mliokuwa foleni pamoja nami, ningemjibu nini?