Matope ya Salongo Chini ya Viti vya Pikap Yangu

Uvumilivu wangu uliisha Jumamosi moja, saa tatu kasoro asubuhi, nikiwa nimelala chali chini ya pikap, mikono imejaa matope hadi kwenye viwiko. Viatu viwili vyeusi vilikuja kusimama karibu na kichwa changu. Vilikuwa safi. Katika kartie, mtaa wetu, siku tatu baada ya maji kujaa, mwenye viatu safi lazima awe mtu wa ofisi.

"Mama, juu ya nini hauko ku salongo?"

Nilijivuta nikatoka. Alikuwa ajenti wa kartie, kijana mwenye kaye, daftari la ofisi, chini ya kwapa na filimbi shingoni. Salongo, kwa yule asiyekaa kwetu, ni kazi ya Jumamosi asubuhi: kila nyumba inatoa mtu mmoja kwenda kusafisha mifereji na barabara, maduka yanafungwa, na asiyekwenda anaandikwa.

"Niko natoa matope," nilimwambia.

"Hapana, mama. Ile haiko matope ya salongo. Ile ni matope ya weye mwenyewe."

Akafungua kaye, akalamba kidole, akaandika taratibu. Nilichungulia nikasoma: *Hakushiriki kutoa matope.* Nilikuwa nayatoa tangu alfajiri. Nilikuwa nayo puani.

Niliinua ndoo niliyoijaza, nikaimimina yote juu ya viatu vile.

"Basi chukua ya kwenu," nilisema.

Ili nisionekane mwanamke aliyezaliwa na hasira, nieleze matope yale yalitoka wapi.

Mbele ya lango letu inapita kanivo, mfereji wa sementi uliojengwa zamani na watu waliojua kwamba maji hushuka. Nyumba yetu iko mwisho wa avenie, barabara ya mtaa, chini kabisa, na hakuna njia nyingine ya kutoka na gari. Jumamosi tatu mfululizo nilisimama ndani ya kanivo ile na sepetu, pamoja na akina mama wenzangu, tukitoa matope, chupa, maganda na meche, nywele za bandia. Na Jumamosi tatu mfululizo, kwa agizo la ofisi, matope hayo tuliyaweka wapi? Pembeni ya kanivo. Ukingoni kabisa, chungu baada ya chungu, zimepangwa vizuri kama mtu anayeanika muhogo. Kamyo, lori la komini, itakuja kuyabeba lundi, walisema. Lundi gani, Jumatatu ya wiki ipi, hakuna aliyeuliza. Siku hizi kuuliza si adabu. Tuko kwenye amani, na amani yetu ni mgonjwa anayelala: ukikohoa tu, unaambiwa umemwamsha. Mtu akisema kanivo imejaa, anajibiwa kwamba anataka kurudisha vita.

Mvua ya Jumatano haikuogopa kuambiwa hivyo.

Nilikuwa natoka kwenye mashine ya kusaga, upande wa pili wa mji, na magunia sita ya unga wa muhogo nyuma. Pikap ni yetu, mimi na bwana wangu. Yeye yuko Mongbwalu anatafuta dhahabu, na dhahabu inamkwepa kwa bidii. Pikap ndiyo inayotulisha. Nabeba unga, viazi, mbao, vitanda vya maharusi, chochote. Hapa Bunia gari ya aina hii ina historia yake. Kwa miaka mingi, ukiiona inakuja mbio, ulijua waliokaa nyuma wana bunduki. Hadi leo watu wanausogelea ukuta ikipita. Wakigundua kwamba kwenye usukani ni mimi, na kitambaa kichwani, wanacheka. Nafurahi kwamba angalau nimeleta maendeleo.

Kando yangu alikaa mama mkwe wangu, amempakata mtoto wangu wa miezi tisa. Tulipofika mwanzo wa avenie, avenie haikuwapo. Palikuwa na maji tu, rangi ya chai ya maziwa, kutoka baraza hii hadi baraza ile. Zile chungu za Jumamosi zilikuwa zimerudi nyumbani kwao, ndani ya kanivo, na kanivo ilikuwa imetapika.

"Kwetu Mahagi maji inashukaka chini," alisema mama mkwe. "Haipandake ku barabara."

"Hata hapa inashuka, mama. Watu ndio wanaipandisha."

Ningeweza kungoja. Lakini mvua ilikuwa bado inanyesha juu ya magunia, turubai yangu ina matundu, na unga ukilowa ni uji. Motari mmoja alipita akisukuma pikipiki yake, maji magotini. Nikajisemea: magoti ya motari ni mafupi, gari itapita. Hesabu nzuri sana. Nilisoma sekondari hadi mwisho.

Kwenye baraza walikuwa wamesimama washauri. Kartie yetu haina kamyo, lakini washauri iko nao wengi.

"Pita kuume, mama!"

"Hapana, kushoto! Kuume kuko shimo!"

"Huyu mwanamuke atazamisha gari ya watu!"

"Ya watu gani?" nilimpigia kelele dirishani. "Ya baba yako?"

Niliweka gia, vitesi ya kwanza, nikakanyaga mafuta. Bwana wangu alinifundisha jambo moja: ndani ya maji usiachilie mafuta, usibadilishe vitesi, usisimame. Hakunifundisha la kufanya ikiwa mama yake ameshika kigingi cha vitesi kwa mikono miwili kama mtu anayezama.

"Mama, achilia hiyo!"

"Nishike wapi sasa?"

"Shika mutoto!"

Alimshika mtoto, akapandisha miguu yake yote miwili juu ya dashibodi. Mama huyu katika miaka minne hajawahi kula mbele yangu bila kujifunika magoti. Maji yalikuwa yameanza kuingia chini ya milango. Yalifika kwenye vifundo vyangu, baridi, yakiwa na vitu ndani yake ambavyo sikutaka kujua. Mbele, maji yalipanda juu ya kapo, kifuniko cha injini. Mama mkwe alianza wimbo wa kanisani, ule wa mazishi.

Katikati, motere ikakohoa. Halafu bomba la moshi likapiga: pah! Pah!

Washauri wote walilala chini. Wote, kwa wakati mmoja, bila mtu kuwaambia, kama waliofanya mazoezi. Na kweli walifanya, sote tulifanya. Yule wa kushoto alikuwa ameshuka baraza ili anielekeze vizuri, kwa hiyo alilala ndani ya maji. Mimi mwenyewe nilijikunja nyuma ya usukani, lakini mguu ulibaki kwenye mafuta, na hilo ndilo lililotuokoa. Pikap ilijivuta, ikapanda penye lango letu, ikaingia uani ikichuruzika kila upande. Nyuma yangu nilisikia wakicheka, kile kicheko cha watu wanaopangusa magoti na kujifanya hawakuogopa.

Kesho yake fundi alikuja. Ni mzee mtaratibu, hasemi kabla ya kuona. Alifungua filtre ya hewa, akaniita.

"Angalia, binti yangu. Nusu ya chini iko mulowevu. Maji ilifika hapa."

"Na kama ingepanda zaidi?"

Aliweka vidole viwili juu ya alama ya maji. "Hivi tu. Motere inameza maji, vyuma vya ndani vinapinda, mambo inaisha. Hakuna kutengeneza. Mara ya pili usiniite miye, ita padri."

Akatazama nje ya lango, pale maji yalipokuwa yamekauka na kuacha matope yamejaa kanivo hadi mdomoni. Akatazama mbinguni. Nilielewa. Mvua nyingine moja kama ile, na sisi hatuna gari. Na bila gari, watoto wangu wawili watakula maneno ya ofisi.

Nilisafisha kuanzia siku hiyo. Yeyote anayesema kuosha gari ni kumwaga maji juu yake hajawahi kuosha gari iliyomeza avenie. Nilifungua viti kwa ufunguo wa bolti, nikavitoa nje, nikatoa mazulia, nikatoa makopo ya taa. Chini ya kila kitu palikuwa na tabaka la matope laini, na juu yake, kwa kuwa magunia mawili yalilowa na unga ukapenya kwenye nyufa za nyuma ya viti, palikuwa na tabaka la ugali mbichi. Unga wa muhogo ukikutana na matope unakuwa gundi ambayo fundi wa viatu angeililia. Nilikwangua kwa kijiko. Nilikwangua kwa kisu. Kipande cha kikwembe, kitenge cha harusi yangu, kiliishia pale, nikipangusa nyaya moja moja. Nilikuta chura mmoja mzima, mwenye afya, aliyenitazama kama mwenye nyumba anavyomtazama mpangaji. Mtoto wangu wa kwanza alitaka kumpa jina. Mdogo alitaka kumla.

"Harufu hii haitatoka," alisema mama mkwe kutoka kwenye mkeka wake.

"Itatoka, mama."

"Mutu atakayepanda atafikiri tunabebaka maiti."

Siku ya pili, chini ya kiti cha dereva, nilivuta kitu chekundu kirefu. Ilikuwa meche ya nywele, nyekundu kama pilipili, imefungwa fundo tatu. Nilikaa chini nikaitazama. Niliifahamu. Mimi mwenyewe niliitoa kwenye kanivo Jumamosi mbili zilizopita, wenzangu wakacheka wakiuliza ni nani katika avenie alikuwa na ujasiri wa kuivaa. Niliiweka ukingoni, juu ya chungu, kwa utii. Na sasa ilikuwa imenifuata hadi ndani ya gari yangu.

Kwa hiyo Jumamosi ajenti aliposema matope haya si ya salongo, alikuwa anaongea na mtu mwenye ushahidi.

Ndoo ilipomiminika viatuni, aliruka nyuma, akatikisa mguu mmoja, kisha wa pili.

"Mama! Weye uko na roho ya vita! Siye tuko mu amani hapa!"

"Amani gani? Ya kulala ndani ya maji kila bomba la gari likipiga?"

"Nitakupeleka ku buro!"

"Twende. Ngoja nioshe mikono, miye si muchafu kama kanivo yenu."

Mama mkwe aliinuka kwenye mkeka. Nilidhani anakuja kuniambia niombe msamaha. Alimtazama kijana yule kutoka viatu hadi filimbi.

"Mutoto," alimwambia, "na miye niandike. Nilikuwa ndani ya ile gari."

Hakuandika. Aliondoka, na kila hatua ililia chap, chap.

Ofisini nilikwenda lundi, lundi yao ile ile ya kamyo. Nilikuwa nimeandika barua usiku wa Jumapili, kwa Kiswahili ili majirani waielewe kabla ya kutia sahihi, na kumi na mmoja walitia. Hata yule wa kushoto. Sekretere aliisoma, akauliza namshtaki nani, kwa sababu matope hayana anwani. Nilimwonyesha mstari wa kwanza. Akasema hawapokei barua inayoishtaki ofisi yenyewe. Nikakaa kwenye benchi na mtoto, nikamnyonyesha pale pale, nikamwambia sina haraka. Saa sita alipiga muhuri kwenye nakala zote mbili. Barua ilisema hivi:

*Kwa Mheshimiwa Shefu wa Kartie.*

*Ninaishtaki ofisi yako kwa kuagiza matope yawekwe ukingoni mwa kanivo, Jumamosi tatu, bila kuyabeba. Mvua iliyarudisha, ikajaza avenie, ikaingia nyumba saba na gari moja. Gari hiyo ndiyo inayolisha watoto wangu. Fundi amesema haitavumilia maji mara ya pili.*

*Naomba mambo mawili. Kwanza, kamyo ije kabla ya mvua ijayo. Pili, kama kamyo haipo, au ipo na haina mafuta, mtuambie kwa maandishi, ili Jumamosi tuyabebe wenyewe kwa mabeseni hadi kwenye shimo lililo ng'ambo ya barabara, na kazi hiyo ihesabiwe salongo.*

*Tena naomba jina langu lifutwe kwenye kaye ya ajenti. Nilishiriki.*

*Kuhusu viatu vyake, nakubali kosa. Avilete, nitaviosha.*

*Sileti vita. Naleta malalamiko, na ninangoja jibu.*